Barabara Isiyo na Miti

Kompyuta ile niliijenga nikiwa chuo, hapa hapa Dodoma, kwa ajili ya gemu. Nasema wazi, maana wenzangu wa ofisini kule Mtumba wakiiona picha yake kwenye simu yangu huuliza, "Ya kaka yako?" Sina kaka. Niliinunua kipande kwa kipande, nikala wali maharage mpaka wali wenyewe ukanichoka, na wenzangu walipokwenda kusuka mimi nilibaki chumbani napiga feni brashi, kwa sababu vumbi la Dodoma halina adabu, linaingia hata pasipoingia hewa.

Basi kompyuta hiyo ndiyo iliyokuja kuwa lori la baba yangu.

Baba alikuwa dereva. Miaka yake yote ya nguvu aliimalizia kwenye njia ya Iringa, tangu ikiwa vumbi na makorongo mpaka ikawa lami, saruji kwenda, mbao kurudi. Na alikuwa msemaji. Huu mdomo wangu sikuuokota njiani. Akirudi safari hakai chini kabla hajaeleza nani kakwama wapi, ng'ombe wa nani walilala barabarani, mama gani wa samaki pale Mtera kampunja na yeye kamlipizia vipi. Mama alikuwa akimwambia, "We Mnyamwezi, pumua basi. Hata punda hutua mzigo." Mama ni Mgogo, baba ni Mnyamwezi wa mjini ambaye mababu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki, kwa hiyo hao wawili walikuwa watani kabla hawajawa mume na mke. Mama aliolewa, akasilimu, akahamia Chang'ombe ya hapa Dodoma, akabadilisha kila kitu isipokuwa utani.

Kisha kiharusi kikampiga baba asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Kikamchukulia mkono wa kulia na mguu wa kulia, na maneno. Siyo yote. Alibaki na "maji," na "basi," na "mama," ambalo aliniita mimi na akamwita mama pia, tukawa tunageuka wote wawili. Hospitali walisema akili yake ni nzima, ila njia ya kutokea maneno ndiyo imeziba. Nilirudi nyumbani kuishi nao, nikawa naondoka asubuhi kwenda Mtumba na kurudi jioni, na kila nikirudi nakuta kimya. Ukizoea nyumba yenye redio, ikizimwa unasikia masikio yako mwenyewe. Mama alijaribu kumtania, akamwambia hata ndugu zake punda wanalia wakisikia njaa, yeye mbona halii. Baba alitabasamu upande mmoja. Mama akaenda uani akakaa huko muda mrefu.

Kompyuta niliiweka sebuleni ili nisimwache peke yake nikiwa nacheza. Jumamosi moja nilikuwa naendesha gemu la malori. Ni gemu la kawaida tu, unapakia mzigo hapa unaushusha kule, na mimi nililinunua kwa utani nikimfikiria yeye. Nikahisi kitu pembeni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unageuka juu ya goti. Mimi nikikata kona, na yeye anakata, ila yeye anaanza mapema kuliko mimi. Nikamwambia, "Mzee, kama unajua sana njoo wewe." Nilikuwa na usukani wa plastiki wa kubana mezani. Nikausogeza, kanyagio la mafuta nikalihamishia kushoto, nikamchagulia nchi moja ya Ulaya wanakoendesha kushoto kama sisi, nikamkalisha.

Sasa lazima nieleze ile picha ilivyokuwa, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Ndani ya kompyuta kuna kibao kinachochora unachokiona kwenye skrini. Mafundi wanakiita kadi ya picha, au kadi tu. Ya kwangu ilikuwa imezeeka. Gemu hilo ilikuwa hailiwezi, kwa hiyo nililishusha ubora mpaka chini kabisa: nikaondoa miti, nikaondoa majani, vivuli, mvua, watu wa pembeni, kila kinachoweza kuondolewa. Kilichobaki ni barabara ya kijivu, ardhi ya kahawia pande mbili, na mbingu nyeupe isiyo na wingu. Ulaya gani hiyo! Ilikuwa Dodoma ya mwezi wa kumi, mvua haijanyesha na ng'ombe wamekwisha maliza kila kitu.

Baba aliangalia ile nchi tupu. Akakanyaga mafuta. Akaenda kidogo, halafu akasema, "Mlowa."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akanyoosha kidevu kuelekea mahali pasipo na kitu, upande wa kushoto wa skrini, akasema tena, "Mlowa. Zabibu. Yule mama."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama yupi?" akauliza. "Sema mama yupi, Mnyamwezi, leo utanieleza!" Baba akacheka kwa sauti, kicheko chake kile cha zamani, na lori likatoka nje ya barabara likapinduka. Sisi tulilia, mimi na mama, tumeshikana kama watu waliofiwa, na yeye anapiga usukani kwa hasira anataka lori lisimame.

Tangu siku hiyo, kila jioni nikirudi nilimkuta ameshaamshwa, ameoga, ana kofia yake, anasubiri gari. Na njiani maneno yalikuwa yanakuja. Nje ya gemu hayakuja, nisikudanganye. Mezani kwa chakula alikuwa ni yuleyule wa "maji" na "basi." Lakini akishika usukani, na barabara ile isiyo na miti ikianza kumjia, alikuwa anaijaza. Pale pasipo na kitu yeye aliona kanga wanavuka, akapunguza mwendo. Aliona nyumba ya tembe ya rafiki yake, akapiga honi. Pale Fufu palikuwa na mzee muuza asali aliyekuwa akichanganya na sukari. Chipogolo palikuwa na tope moja la mwaka fulani lililomeza lori mpaka madirishani, wakakaa siku nyingi wakila mahindi ya mzigo. Mimi aliniita utingo. "Utingo, shuka. Angalia tairi." Nami nilikuwa nasimama kweli, naizunguka meza, nasema, "Ziko safi, bosi."

Mama alianza kuleta kigoda chake na sinia la karanga, anabangua huku anasikiliza. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kupanda lori hilo hata mara moja, maana tajiri mwenye gari alikataza wake za madereva. Sasa alipanda. "Abiria wako nimechoka," anamwambia, "simama Mtera ninunue samaki." Na baba anasimama, katikati ya barabara kuu ya Ulaya, magari yanapiga honi nyuma, anamsubiri mama anunue samaki.

Kwa hiyo kadi ile ilipoanza kufa, mimi sikuona kifaa kinakufa. Kwangu ilikuwa ni sauti ya baba.

Ilianza na vidoti vya kijani. Kisha mistari. Kisha skrini inageuka nyeusi katikati ya njia, feni inalia, kompyuta inajizima, na baba anabaki ameshika usukani mdomo wazi, neno limefika ulimini limekosa pa kutokea. Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi, nikabadilisha ile dawa nyeupe ya kupooza joto, nikafunga feni ya nje kwa waya. Ikajikongoja wiki moja, ikafa kabisa.

Nikaingia mjini kutafuta nyingine. Hapo sasa ndipo utakapojua kuchagua ni kazi. Kadi siyo kiatu kwamba mradi inaingia. Kwanza inataka umeme wa kutosha, na kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta yangu kilikuwa kidogo na kimechoka. Pili ina urefu, na kasha langu ni fupi. Nilipima kwa tepu ya kushonea ya mama, nikaona zipo kubwa ambazo zikiingia itabidi pua zitokeze nje. Na tatu, kuna walaghai.

Fundi wa kwanza alinitolea kadi kubwa, feni tatu, imeng'arishwa kama sahani ya harusi. "Dada, hii mpya kabisa, imetumika kidogo tu." Nikamwambia, "Mpya au imetumika? Chagua moja, kaka." Nikaigeuza. Skrubu zilikuwa zimekwaruzwa na ukiinusa ina harufu ya kuungua. Ilikuwa imetoka kwenye zile mashine za kuchimba pesa za mtandaoni, inawashwa mwaka mzima bila kuzimwa. Nikamwambia kadi hii imefanya kazi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa, iache ipumzike. Akacheka, akairudisha kabatini kumsubiri mjinga mwingine.

Wa pili alikuwa na ndogo, ileile kama yangu, umri uleule. Moyo wangu uliipenda. Nilimwambia aijaribu mbele yangu. Akaichomeka, picha ikaja vizuri, nikaanza kufungua pochi, na palepale vidoti vya kijani vikatokea kwenye kona. Ugonjwa uleule. Nilitaka kumtukana mtu na hapakuwa na wa kutukana.

Ikabaki ya tatu, mpya, ya kati, inauzwa Dar es Salaam. Haili umeme mwingi, fupi, ina dhamana. Nguvu yake ilikuwa mara nyingi ya ile ya zamani. Nilikaa nayo kwenye simu siku kadhaa, nasoma watu wanavyoisifu, ofisini mafaili yananitazama nami siyatazami. Nyumbani baba anakaa mbele ya skrini nyeusi na kofia yake kichwani. Mama anambangulia karanga. "Gari liko gereji," anamwambia kila jioni. "Utingo kafuata spea." Nikaiagiza.

Na nilichagua vizuri. Nasema hivyo kwa sababu watu hunipigapiga begani na kuniambia nisijilaumu. Mimi sijilaumu, nina hasira, na hayo ni mambo mawili. Hata leo ukinirudisha pale, na hali ileile, nitaagiza kadi ileile.

Ilipofika niliifuata stendi mwenyewe, nikaibeba mapajani kama mtoto. Nikafunga na kisanduku kipya cha umeme. Baba alisogezwa kitini, kofia ikakaa sawa, mama akavuta kigoda. Na mimi, mcheza gemu, nikafanya ambacho kila mcheza gemu hufanya akiweka kadi mpya: nikapandisha kila kitu mpaka juu. Miti, majani, vivuli, mvua, watu, vyote. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka aseme, "Du!"

Skrini ikawaka.

Kijani, jamani. Kijani mpaka macho yanauma. Vilima vyenye majani mororo, kondoo weupe wamesimama mvuani, kuta za mawe, kanisa lenye mnara, mabango ya barabarani yamejaa maandishi ya kigeni. Mvua inagonga kioo cha lori, na kifutio kinaipangusa, tone moja moja unaliona. Kulikuwa na bibi mmoja kizungu na mwavuli, kasimama kituoni. Mimi mwenyewe niliguna. Mama alisema, "Yallah, mvua yote hiyo!" kwa sauti ya mtu wa Dodoma anayeona mali ya watu inamwagika.

Baba alikanyaga mafuta. Akaenda polepole. Akapita kanisa, akapita kondoo. Tulimsubiri. Mama aliacha kubangua. Baba aligeuza kichwa kushoto, pale alipozoea kuona Mlowa, palikuwa na nyumba ya matofali mekundu yenye maua dirishani. Akatazama kulia. Msitu. Lori likapungua mwendo likasimama lenyewe, taratibu, pembeni, kama dereva mzuri anavyosimamisha.

"Twende, baba," nikamwambia. "Njia nyeupe."

Akanitazama. Na nitakueleza alichosema kama kilivyotoka, maana kilitoka kirefu kuliko maneno yote aliyowahi kusema nje ya safari zile tangu augue. Alisema, "Kila kitu kipo. Mimi niseme nini?"

Nikacheka kidogo, kwa woga. Nikamwambia ngoja nikurekebishie. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashusha kila kimoja. Miti ikaondoka. Mvua ikakatika. Bibi mwenye mwavuli akatoweka. Ikabaki barabara ya kijivu na ardhi ya kahawia, ileile kabisa, mtu yeyote angeapa ni ileile. Nikamwambia, "Haya, Mlowa hiyo."

Akatikisa kichwa. Akaunyoosha mkono wa kushoto, akagusa skrini pale nyumba ya maua ilipokuwa, kisha pale lilipokuwa kanisa. Alikumbuka kila mahali. "Wapo," alisema. "Unawaficha."

Halafu akautoa mkono kwenye usukani akauweka pajani.

Tulimbembeleza, msifikiri hatukumbembeleza. Niliazima kompyuta mbovu ya jirani. Nikatafuta gemu jingine lenye jangwa. Nilimpandisha kwenye gari la kukodi tukaenda mpaka Mtera yenyewe, ya kweli, bwawa hilo hapo, samaki hao hapo. Akakaa kiti cha mbele anaangalia. Kina mama wa samaki wakaja dirishani, vijana, hakuna aliyemjua na yeye hakumjua yeyote. Alisema, "Basi," tukageuza gari. Mama alinunua samaki na njia nzima hakuwa na la kumtania.

Aliishi mwaka na kitu baada ya hapo. Alikula, alitabasamu upande mmoja, alisema maji na basi na mama. Kompyuta ilikaa kona ya sebule imefunikwa kitambaa. Ndiyo kompyuta bora niliyowahi kuwa nayo, na sikuweza kuiwasha. Alifariki usingizini mchana, wakati wa kiangazi, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama.

Siku ya pili ya matanga watani walifika. Wagogo wa upande wa mama, na anayewaongoza ni mtoto wa mama mdogo wake mama, humwita mama "dada". Huyu alikuwa akituletea karanga kutoka kijijini, na mara nyingi alikaa kumtazama baba akiendesha. Wenyeji wanajua kazi ya mtani msibani: anaigiza marehemu, anamkosea heshima mbele za watu, mpaka wafiwa wacheke wapate nguvu ya kula. Mama alikuwa chumbani amekaa eda, mlango umerudishwa nusu, kanga imefunika kichwa.

Yule mtani alivaa kofia ya baba. Akachukua kigoda na mfuniko wa sufuria kubwa ya pilau, akakaa katikati ya turubai, akaushika kwa mkono wa kushoto mmoja, wa kulia akauacha umelegea. Akanguruma. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. "Utingo! Tairi!" akafoka, nami nikainuka nikazunguka kile kigoda, nacheka, machozi yananitiririka. "Mlowa hiyo! Yule mama yuko wapi, jamani, mke wangu asisikie!" Kina mama walianguka kwa kicheko. Akapita Fufu, akaonja asali akatema. Akazama tope la Chipogolo, akatoka. Akafika Mtera, akabanwa na askari wa barabarani, akapunjwa samaki.

Halafu akakanyaga breki. Akautoa mkono kwenye mfuniko akauweka pajani. Akakaa hivyo, kichwa kimeinama, mdomo wazi kidogo upande mmoja, haongei. Aliigiza na hilo, maana mtani haachi kitu. Mwanzoni waliendelea kucheka. Kisha kicheko kikapungua, wale waliokuwa wakija kwetu ule mwaka wa mwisho wakanyamaza kwanza, na wengine wakafuata.

Kutoka chumbani ikaja sauti ya mama. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa sauti yake ya kigodani.

"We Mnyamwezi. Mbona umesimama? Endesha."

Mtani aliuangalia mlango ule, akauangalia mfuniko. Akaushika tena kwa mikono yote miwili, akanguruma kidogo, akaacha. Akavua kofia ya baba akaiweka magotini.

"Dada," akasema, "nisamehe. Mimi njia ya mbele siijui."

Baadaye mtu akaja kuuomba ule mfuniko, pilau ilikuwa inapoa.